Jiwe Lililowahi Kuwa Moto

Pasta alisoma habari ya yule mwenye akili
aliyejenga nyumba juu ya mwamba.
Baba akacheka, palepale benchi la nne,
kicheko kifupi, kama kikohozi cha mtu aliyemeza vumbi.
Mama akamfinya.

Lakini nani hapa Ndosho asingecheka?
Hapa hata mlevi kajenga juu ya mwamba.
Hapa mwamba wenyewe ulishuka mlimani usiku,
mwekundu, ukitembea kwa miguu yake,
ukaingia uani bila hodi,
ukala mlango, cherehani, mbuzi wa mahari,
kisha ukalala palepale, ukapoa,
ukaitwa kiwanja.

Baba yangu, Hangi, ni fundi wa kuta za mawe.
Siku ardhi ilipoacha kuunguza nyayo
alirudi na nyundo ya kuazima,
akapima kwa hatua kutoka barabarani
mpaka alipokisia kilikuwa chumba chao cha kulala,
akaanza kuvunja.
Nyumba iko chini.
Jiwe lililoizika liko mkononi.
Nyumba ya pili itatoka humo humo.

"Bwana alikuwa wapi?" nilimwuliza.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja
na malengelenge kisiginoni.
"Nishikie kamba," alisema.

Mwaka uliofuata ziwa lilimchukua Kasoki,
si kwa kuzama,
kwa kunywa.
Siku mbili tu. Bido la njano
lilibaki nusu, hakuna aliyethubutu kulimwaga.

Baba akaacha kanisa.
Hakutukana, hakulewa. Aliacha
kama mtu anavyoacha shati lililombana kifuani.
Jumapili alisukuma chukudu lake la mawe,
na kila alipofika nyuma ya kanisa
alisimama, akainama,
akakaza gurudumu hadi wimbo uishe.
Gurudumu lile lilikazwa miezi tisa.

Watu walikuja na mistari, walikuja na majibu.
Mama Bauma, mjane, alikuja na sambaza
kila Alhamisi, zimefungwa kwenye jani la mgomba.
Hakusema Kasoki sasa ni malaika.
Alikaa juu ya rundo la mawe
akilalamikia bei ya makala,
akachukua sahani yake ya juma lililopita,
akaenda.

Kisha ardhi ikatetemeka, wiki nzima.
Ukuta wa kanisa, wa matofali na saruji,
fahari ya wahisani,
ukapasuka toka juu hadi chini.
Ukuta wetu mkavu ukanguruma, ukayumba,
ukatulia.
Pasta mwenyewe akaja kubisha hodi.
Baba akafikiri kutwa nzima, akachukua nyundo.

Nilimshikia kamba.
"Saruji hujifanya shujaa," alisema,
"haijui kuyumba, ndiyo maana huvunjika.
Jiwe kavu hulegea kidogo, likamwegemea jirani.
Usiyazibe matundu. Upepo una njia yake."
Nilisubiri aendelee, niliona anataka.
Akaniomba jiwe dogo, lile, hapana, lile.

Siku hizi anakaa benchi la nne, mkono wa kushoto.
Hajatoa ushuhuda hata mmoja.
Mlima ukiwaka usiku, mawingu yakiwa kama kaa,
hutoka na kupitisha kiganja ukutani
jiwe kwa jiwe,
kama anayempapasa mtoto mwenye homa.
Kisha hurudi ndani, anatuongoza kusali.

Anaanza vizuri: Baba yetu.
Akifika kwenye mapenzi yako,
ananyamaza.
Pikipiki inapita. Kuku anajikung'uta.
Hakuna anayemsaidia neno.
Hata binti yangu mdogo, tuliyemwita Kasoki,
amejifunza kumngoja babu,
macho wazi, mikono imefumbatwa.

Linakuja, hatimaye, zito,
limebebwa kutoka mbali.

Kisha tunaomba mkate.